Usiuombee Huruma Msitu Wetu

Halima mwanangu,

Umeondoka mchana kwenda Ishiara kumuaga mama yangu, cucu yako, na nyumba imenyamaza. Nimefunga bucha mapema, jambo ambalo wateja wangu hawajalizoea, nikaja kukaa jikoni hapa mtaani kwetu Dallas, chini ya mlima, na kalamu. Kesho unapanda ndege. Nikingoja nikuambie haya tukiwa garini, dereva atasikia, shangazi yako Mwanaisha atadakia, na mimi nitaishia kukuuliza kama umebeba sweta. Sweta umebeba, nimeziona. Mambo ya chakula na baridi na jinsi ya kuishi na watu wa huko sitakuambia, kwa sababu siyajui, na wewe umeshayasoma yote kwenye simu.

Ninachojua ni kupigania kitu. Hicho ndicho nitakuandikia.

Baba yako Bakari alipofariki ulikuwa bado unavaa viatu mguu wa kulia kushoto. Unamkumbuka kidogo, unasema unakumbuka sauti ya shoka lake kwenye gogo la kukatia nyama. Mimi nilikuwa mgeni katika ukoo ule. Nilizaliwa Ishiara, nikaimba kwaya ya kanisa, nikasilimu nilipoolewa na baba yako, na kuna watu ambao hawakuwahi kuacha kuniita "yule Mmbeere". Nilipoingia eda, ami yako Rashidi alikuja akaketi sebuleni, akasema kwa upole, "Shemeji, wewe tulia umlilie mumeo. Bucha nitakushikia."

Nikampa funguo. Sikuona ubaya. Alikuwa ndugu ya mume wangu, na mimi nilikuwa nimechoka hata kufikiri.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa, nikateremka mjini. Mlangoni kulikuwa na kufuli jipya limening'inia, limefunguliwa, na ndani Rashidi alikuwa amesimama kaunta. Alikuwa amevaa koti jeupe la Bakari. Lile koti nililishona kifungo mimi mwenyewe.

"Shemeji," akaniambia mbele ya wateja, "hii kazi ya damu si ya mwanamke. Wale wanaume wa machinjioni hawatakuuzia ng'ombe. Kaa nyumbani, nyama yako nitakuletea kila Ijumaa."

Sasa nikueleze nilichokosea, maana hapo ndipo nilipofundishwa. Nilikwenda kwa wazee wa msikiti kulia. Sikwenda kudai, nilikwenda kulia, na nilikuchukua wewe. Nilikuvisha lile gauni la zamani lililopauka, na jipya lilikuwa kabatini. Nilitaka wakuone wahurumie. Na walihurumia kwelikweli. Mmoja alipangusa macho. Walichanga unga na sukari, wakamwambia Rashidi asisahau nyama ya Ijumaa, wakatuombea dua. Nikarudi nyumbani na unga wa sadaka kichwani, bila bucha. Njiani ukaniuliza, "Mama, mbona nimevaa hili na lile zuri lipo?"

Nilikuwa nimewapa watu wale kitu rahisi cha kunipa, wakanipa. Mtu akishakuhurumia anahisi amemaliza kazi yake.

Ilinichukua muda kupata nguvu ya kurudi. Safari hiyo nilianzia machinjioni, alfajiri, na buibui langu la Idi. Nikasimama katikati ya wale wanaume nikauliza kwa sauti kama kuna atakayekataa kuniuzia. Walitazamana. Mzee mmoja aliyekuwa akileta ng'ombe kutoka Mbeere, jina lake Kinyua, akasema, "Huyu tumemwona kaunta miaka yote akipima nyama. Mimi nitamuuzia." Nikamwomba aje kuyasema hayo msikitini, naye akaja, akangoja nje kwa adabu mpaka akaitwa. Nikawaambia wazee, "Sikuja kuchukua unga. Dini yetu imempa mjane fungu lake na mtoto wa kike fungu lake. Nataka yatajwe hapa, na Rashidi akiwepo."

Imamu akamgeukia ami yako, aliyekuwa ameketi nyuma. "Mtoto wa Bakari ana fungu kwenye hiyo bucha, au hana?"

"Analo," Rashidi akasema.

"Na mama yake?"

"Analo."

"Basi toa funguo, mkae mhesabiane kama Waislamu."

Rashidi naye alikuwa na fungu lake kisheria, sikulikana. Nilimlipa polepole mpaka likaisha, na koti nikalifua mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Tangu siku ile bucha ni yetu, na ndiyo iliyokusomesha.

Nakusimulia hayo kwa sababu ya msitu.

Unakumbuka nilivyotaka uwe mfamasia. Ulipokuja kuniambia kwamba shahada yako ya uzamili itakuwa ya kutazama miti, nilidhani wanatania huko chuoni. Halafu nikapanda mlimani siku moja na wewe na Njeru, yule kijana wa mpakani mwa msitu aliyekuwa akikuongoza njia. Nikakuta viwanja vyako vidogo vimezungushiwa kamba, kila mche una kibati chenye namba, na binti yangu amelala kifudifudi kwenye majani makavu anatazama kitu kisichozidi kidole.

"Huu ni nini?" nikauliza.

"Mwiria, mama. Huu una umri wa mvua moja."

"Na hii mikubwa yote iliyosimama hapa huioni?"

Ukaketi ukanieleza, na mpaka leo nawaeleza wateja vilevile. Mti mkubwa, ulisema, ni habari ya mvua za zamani. Uliota wakati mvua zilikuwa zinakuja kwa majira yake, na sasa mizizi yake iko chini sana, unaweza kuvumilia. Mche ndio habari ya sasa. Kama miche inaota halafu inakauka kabla ya kufika magotini, basi msitu unaonekana mzima, kijani kibichi, watu wanapiga picha, na kumbe hauna watoto. Nilitazama juu kwenye matawi yale makubwa, nikahisi kama nimeingia nyumba ya wazee watupu.

Kisha ukaja ule ukame ambao haukutaka kuisha. Huku chini ng'ombe walikuja machinjioni mbavu nje. Huko juu kukawa kukavu mpaka ukungu ukakosekana asubuhi. Na moto ukashuka.

Njeru alipiga simu, ukaipokea ukiwa hapa jikoni, ukaiweka mezani. Waliporuhusu watu kupanda tulikwenda pamoja. Majivu yalifika kwenye vifundo vya miguu. Mahali pengine gogo lilikuwa bado linafuka moshi kwa ndani, na kila baada ya muda tulisikia mti ukianguka mbali, bila upepo, bila mtu. Kamba zako zilikuwa zimekwisha. Vibati vilikuwa vimejikunja, vyeusi, namba hazisomeki. Ulichutama ukaanza kuviokota kimoja kimoja unavitia mfukoni, na mimi, mama yako, mwanamke wa kusimama machinjioni, nikasema neno la kijinga kabisa. Nikasema, "Twende nyumbani mwanangu. Umejaribu."

Simu yako ikalia, alikuwa profesa wako, na kwa vile mtandao ulikuwa mbaya uliweka sauti kubwa. Alikuwa mtu mwema. Akakupa pole kwa dhati. Akasema uandike barua ya kueleza masaibu, chuo kitaelewa, watakuongezea muda, na utafute mada nyingine ndogo ya kufanyia kwenye kompyuta.

Ukasimama. Uso ulikuwa na masizi mpaka kwenye nyusi. "Asante, mwalimu," ukasema, "lakini viwanja havijapotea. Viko palepale. Swali tu ndilo limebadilika."

"Swali gani sasa, Halima?"

"Nilikuwa nauliza ni miche gani inaweza kuishi na ukame. Sasa nauliza ni nini kinarudi baada ya ukame na moto pamoja, na nani hawezi kurudi. Daftarini nina hali ya kabla ya moto. Wangapi wanayo?"

Mwalimu akasema, "Sawa. Niandikie hilo."

Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yako, nikaona haya kwa lile neno langu, na nikafurahi kupita kiasi. Mimi ilibidi nitembee mjini na unga kichwani ndipo nielewe. Wewe ulielewa papo hapo, kwenye majivu.

Mvua ziliporudi ulipanda tena na tena. Kangaga, gugu lile la majani kama manyoya, lilikuwa limefunika kila mahali, refu kukupita, na wewe na Njeru mnalifyeka mnatafuta pembe za viwanja. Wanakijiji walikuita msichana wa kupima majivu. Ukanisimulia siku mliyokuta mti wa muuru uliodhaniwa kufa umechipua kutoka shinani, machipukizi mekundu chini ya gome jeusi. Njeru akapiga magoti akacheka. Siku hiyohiyo ukaniambia kwamba miche ya mwiria hukuona hata mmoja katika viwanja vilivyoungua, na hukujifanya kwamba habari moja inafuta nyingine.

Uliposimama mbele ya watahini, mmoja wao alianza kwa kukupa pole kwa mkosi uliokupata. Ulinisimulia hapahapa, ukila wali kwa mkono huku umevaa bado zile nguo rasmi. Ulimwambia, "Asante kwa pole, daktari. Naomba sasa tutazame jedwali." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu ikaja ile nafasi ya uzamifu ng'ambo, na kikao cha ukoo. Ulikuwepo, lakini nataka ukione kama nilivyokiona kutoka kiti changu. Ami Rashidi amezeeka, ana mvi, na bado anajikohoza kabla ya kusema kana kwamba sisi ni mkutano. Akasema umeshasoma vya kutosha, na kwamba yule kijana wa Muthara mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni mtu wa heshima, ametuma wazee, na wazee hawatumwi mara mbili. Kisha akaniangalia mimi, akauliza, "Au miti ndiyo itamzalia watoto?"

Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi. Wewe ukatangulia.

"Ami," ukasema, na ulimwita kwa adabu kabisa, "yule kijana ni mtu mzuri, na nimemwambia ukweli mwenyewe. Nimemwambia naondoka, na nikimaliza nitarudi. Akitaka kungoja, angoje. Asipotaka, sitamlaumu, na yeye hakunilaumu. Lakini ule msitu unabadilika sasa hivi, ami. Nikingoja nizae kwanza, nitakuja kupima kitu kingine."

Rashidi aliondoka bila kumaliza chai. Siku ya pili yake alikuja buchani, akasimama palepale wateja wanaposimama, akanunua nyama ya mchuzi. Nilipokuwa namfungia akasema, "Huyo binti amechukua kichwa chako."

"Asante," nikamwambia.

"Sikusema kumsifu."

"Najua, shemeji. Nami nimeshukuru vilevile."

Akatabasamu kidogo, ukiniuliza mimi, ingawa yeye atakana. Kesho atakuja kukuombea dua. Mbusu mkono. Umeshamshinda, huna haja ya kumshinda tena.

Huko unakokwenda kutakuwa na watu wengi wenye uso wa msibani. Watasikia umetoka wapi na unachosoma, watainamisha vichwa. Watakuomba usimame mbele ya wageni ueleze jinsi watu wenu wanavyoteseka na jua, uwaonyeshe picha ya ng'ombe aliyekonda na mwanamke mwenye mtungi, kisha uketi, na wengine wataalamu waendelee na mkutano. Watakupigia makofi. Watachanga unga. Halima, usivae lile gauni la zamani kwa ajili ya mtu yeyote. Una gauni zuri. Una vipimo vya kabla na vya baada, una majina ya miti kwa Kiembu na kwa lugha ya wataalamu, una macho yaliyouona msitu ukiwa mzima na ukiwa majivu. Ukiambiwa uzungumzie mateso, zungumzia machipukizi na kangaga, na useme ni nani anayechoma makaa ya mawe mpaka ukungu wetu unapotea. Useme kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja fungu lake mbele ya wazee. Na kazi mliyofanya mkiwa wengi ikichapishwa, hakikisha jina lako haliangukii mwisho, na la Njeru lisikose.

Hapa nyumbani pia wapo wanaohurumia. Wanasema mlima umekwisha, barafu imekwisha, tumwachie Mungu. Mimi ninaswali swala zote tano na sijawahi kuambiwa na yeyote wa kuaminika kwamba kumtegemea Mungu ni kukunja mikono. Wewe mwenyewe umeniambia msitu ule haufi, unageuka kuwa msitu mwingine, na hatujui bado kama huo mwingine utatutunzia mito. Hilo ndilo la kwenda kujua. Na ukijua jambo baya, uliseme likiwa baya. Usilipunguze makali kwa sababu mama yako anakaa chini ya mlima huo.

Kuna jambo moja usirithi kwangu. Baada ya kupata bucha niliendelea kupigana hata pasipokuwa na mtu. Shangazi yako Mwanaisha alikuja kutaka kunisaidia kaunta siku za Idi, nikamwona ni jasusi wa kaka yake. Nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Miaka ilipita tukiwa tunasalimiana kwa kichwa tu, na yeye alikuwa anakuletea wewe vitumbua shuleni kwa siri. Siku nilipougua, yeye ndiye aliyefungua bucha. Hakuniomba nimwombe radhi, na kwa hiyo ilinibidi nimwombe. Kwa hiyo wabishie wanaokuzuia, na ubishe bila kuchoka, lakini mtu akikunyooshea mkono utazame kwanza una nini. Mara nyingine ni mkono tu. Huko utakuwa peke yako jioni nyingi, na upweke humfanya mtu aone maadui mpaka kwenye vikombe.

Sasa lile nililokuficha. Ijumaa iliyopita nilikuambia naenda Runyenjes kuangalia ng'ombe. Sikwenda kwa ng'ombe. Nilipanda kwa Njeru. Uliniambia kinachokukosesha raha ni kwamba viwanja vitakaa bila kupimwa wakati uko huko, kwamba fedha za utafiti hazijapita na pengo litaharibu mfululizo wote. Nimekaa na hilo neno pengo mpaka nikalichoka. Njeru amekubali tupime sisi wawili. Tumetembea kiwanja hadi kiwanja, amenifundisha kutafuta pembe, kufungua kangaga bila kukanyaga, kushika ile kalipa ya kupimia shina. Nilianguka kwenye utelezi nikakaa chini na buibui langu lote. Njeru aligeuza uso akacheka na mti. Kisha akaniambia, "Mama Halima, hicho kipimo unakishika kama kisu. Kishike kama yai." Nikarudia mpaka usomaji wangu na wake ukalingana.

Mwanaisha atakaa buchani siku hizo. Ameshakubali, na amesema anataka kupanda nasi siku moja aone hiyo miti inayomkosesha Rashidi usingizi.

Nasikia gari langoni, na sauti yako ukimshukuru dereva. Nitakunja karatasi hii niitie kwenye mkoba wako mdogo, uisome ukiwa juu ya mawingu ambapo huwezi kurudi kunibishia. Mvua za vuli zikipita tutapanda. Nitakutumia picha ya kila ukurasa wa daftari la vipimo. Ukiona namba isiyoeleweka, usiipitishe kwa sababu ni ya mama. Piga simu, nitapanda tena nikaipime.

Mama yako,
Amina, mwenye bucha